Maji Yasiyo na Rangi

Zamani mtaro ulikuwa unasema kila kitu. Kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba leo tunatia zambarau, majirani wa chini walikuwa wamekwisha jua, maana maji yaliyotoka kwenye karakana yetu yalipita chini ya ukuta, yakashuka kando ya njia, yakaenda yakipaka mawe. Siku ya kijani, mawe ya kijani. Siku ya nyeusi, hata bata wa mwenye duka hawakukanyaga. Na dobi, ambaye uwanja wake wa kufulia uko chini yetu kabisa, alikuwa akinyanyua uso kutoka kwenye beseni na kupaza sauti:

"Jirani! Leo bluu, eti? Bluu ya harusi au ya shule?"

"Ya shule!" namjibu kutoka dirishani.

"Basi msiikoleze sana, watoto wenyewe wataichakaza kabla haijazoea mwili!"

Tunacheka, kila mtu anarudi kwenye beseni lake. Ndivyo tulivyoishi. Naanza na hilo kwa sababu mtu akisikia yaliyofuata anaweza kudhani tulikuwa watu wa kugombana.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja kirefu, sakafu ya saruji iliyokula rangi hadi haijulikani ilizaliwa na rangi gani. Aliianzisha marehemu mume wangu. Alipoondoka tukabaki watatu: mimi, wifi yangu, na binti yangu. Wifi ni dada wa marehemu, mkono wake ni mwepesi na mdomo wake ni mwepesi zaidi. Binti yangu amesomea ufundi bomba, anaingia kwenye nyumba za watu na spana begani, na mtaa mzima unamwita Koki. Hata mimi niliyempa jina, siku hizi namwita Koki.

Kazi yetu si ya siri. Kitambaa cheupe unakikunja, unakifunga kwa uzi mafundo mafundo. Unakiloweka kwenye maji ya magadi ili kikubali rangi. Unakitia kwenye pipa la rangi lililotiwa chumvi ya kutosha, maana chumvi ndiyo inayoisukuma rangi iingie ndani ya uzi badala ya kuelea tu majini. Kisha unasuuza, na kusuuza, na kusuuza, mpaka maji yatoke meupe. Maji yakitoka meupe, kitambaa kiko tayari. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza, na kila aliyepita hapa kujifunza aliianza hiyo.

Dobi wetu watu wanamwita Mama Povu. Amelipata jina hilo kwa haki. Akipiga sabuni kwenye beseni, povu linapanda mpaka linafunika viwiko, na watoto wa jirani wanakuja kuchota wajipake ndevu. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko barabarani, na hiyo ndiyo riziki yake yote. Kisima chake kiko pale pale uwanjani, kina mfuniko wa ubao.

Mume wangu alipokuwa kitandani, miezi ile ya mwisho, Mama Povu alikuja kila asubuhi, akachukua mashuka ya mgonjwa bila kuulizwa, akayarudisha jioni yamekauka na kukunjwa. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo. Mimi ndiye ninayejikumbusha.

Halafu ukaja msimu ule wa mvua nyingi. Mtaro ulijaa, ukamomonyoka upande wa chini, na maji yetu yakapata njia mpya, njia ya kuingia kisimani. Sikujua. Nilijua siku Mama Povu alipopanda kuja kwetu akiwa na shuka mkononi. Hakupiga kelele. Alilitandaza juu ya meza yangu ya kufungia mafundo, akalinyoosha kwa viganja kama anavyonyoosha mashuka yote, kisha akasema:

"Tazama, jirani."

Shuka lilikuwa la waridi. Si waridi ya kutia, ile unayoipenda. Waridi ya kuvuja, yenye mabaka.

"Ni ya kisima?" nikauliza.

"Ni ya kisima. Nimechota, nimefua, nimeanika. Nikafikiri ni macho. Nikaenda kutazama ndoo."

Wifi akafungua mdomo kusema neno, nikamtazama, akaufunga. Siku nyingine hilo lingehesabiwa kuwa muujiza.

Mwenye nyumba ya wageni hakuwa na subira kama ya dobi. Alikwenda kwa bwana afya, na bwana afya akaja na viatu vyake vya mvua, akatazama mtaro, akatazama kisima, akanusa, akaguna. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyependa kumfungia mtu kazi. Akatuambia hivi: hakuna tone la rangi litakalopita tena ukutani. Atarudi mwisho wa mwezi unaofuata. Akikuta tumetengeneza, tutaendelea. Akikuta hatujatengeneza, atafunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe.

"Na mimi siwaulizi ninyi," akasema akimwelekezea Mama Povu kidole. "Kila mwenye karakana huniambia kila kitu kiko sawa. Nitamuuliza huyu wa chini. Akisema ameridhika, nami nimeridhika."

Basi mlango wetu ukawa umewekwa kwenye ulimi wa Mama Povu, na sote wanne tulilijua hilo.

*

Koki hakulala kwenye kazi hiyo. Alileta mapipa ya plastiki, akayapanga kwenye ngazi za matofali, la juu, la katikati na la chini. Kwenye la juu maji machafu yanatiwa shabu, ile ile inayotumika kusafishia maji ya kunywa, rangi inajikusanya na kuzama kama matope. Yanashuka kwenye la katikati lenye changarawe na mchanga. Yanashuka tena kwenye la tatu lililojazwa mkaa uliopondwa. Yakitoka hapo, alisema, hayatakuwa na rangi.

Hakuishia hapo. Juu ya bati alitandaza mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi, yamejikunja kama nyoka aliyeshiba, na jua likapasha maji ya kusuuzia bure. Kuni tulizokuwa tukichoma kila siku zikabaki zimeegemea ukuta mpaka buibui wakahamia.

"Naona jua nalo limeajiriwa," wifi akasema, amesimama mikono kiunoni. "Likichelewa asubuhi tunalikata mshahara?"

"Shangazi, wewe ukichelewa nani anakukata?"

"Mimi ni mwenye mali, mtoto! Mwenye mali hachelewi, anafika wakati wake."

Siku maji yalipotoka pipa la tatu kwa mara ya kwanza, tuliacha kazi zote. Tulikuwa tumetia nyeusi, rangi ngumu kuliko zote. Koki alikinga bilauri. Wifi akainyakua, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga, kisha akaweka nyuma yake kipande cha gazeti kilichofungia sindano, akasoma kwa sauti: "Nyumba inapangishwa, vyumba viwili, maji ndani!" Alisoma kila neno kupitia yale maji. Nilimshukuru Mungu palepale, kwa sauti, na Koki akafuta uso kwa mkono wenye vumbi la mkaa, ukabaki mstari mweusi shavuni.

Sasa mnielewe vizuri. Sisi ni watu wa rangi. Tumeishi miaka yetu yote tukitazama maji yanayotoka kwenye kitambaa, tukingoja yawe meupe, na yakiwa meupe tunasema kazi imekwisha. Kwa jicho letu, uchafu ni rangi. Mtu wa kazi nyingine labda angenusa, angeonja, angeuliza. Sisi tulitazama tu. Na tulipotazama hatukuona kitu, tukafurahi.

Wazo lililofuata lilikuwa langu mwenyewe. Nikasema maji haya yasiende mtaroni bure, na jirani yetu kisima chake tumekiharibu, kila asubuhi anabeba ndoo kutoka bomba la barabarani. Tumfikishie. Koki akafunga koki ya shaba kwenye pipa la tatu, ya kufunguliwa na mimi kila asubuhi, akatoa bomba hapo, akalipitisha chini ya ukuta, akalifikisha kwenye tangi la Mama Povu, na akamfungia koki ndogo mwishoni.

Mama Povu alifungua, akakinga kiganja, akatazama. "Jamani. Haya ndiyo yale maji ya jana meusi?"

"Ndiyo hayo hayo, mama," Koki akasema.

"Mungu akubariki, mwanangu. Na wewe jirani. Mimi nilikuwa nimeanza kukusema vibaya moyoni."

"Moyoni tu?" wifi akauliza.

"Na kidogo dukani."

*

Dirisha langu la kufungia mafundo linatazama chini moja kwa moja. Mikono ikizoea kazi, macho yanabaki huru, na macho yangu mimi hayajui kukaa bure. Ndiyo maana niliona kabla ya mtu mwingine kwamba watoto wa jirani hawaji tena kuchota povu.

Kwanza sikulitilia maanani. Kisha nikamwona Mama Povu akisugua shuka moja muda ambao zamani angemaliza beseni zima. Anapiga sabuni, anapiga, anatazama, anapiga tena. Siku moja akarusha kipande cha sabuni chini.

"Jirani!" akaniita. "Hizi sabuni za siku hizi wanatengeneza na nini? Na chokaa?"

"Badilisha duka!" wifi akamjibu kwa juu.

"Nimebadilisha! Nimemwambia yule mwenye duka maneno ambayo mama yangu angenifinya. Sabuni zake ni matapeli watupu, hazitoi povu hata la kuoshea kijiko!"

Tukacheka. Lakini shuka zilizoanikwa pale chini hazikuwa zinacheza na upepo. Zilining'inia zimekakamaa, na weupe wake ulikuwa wa kijivujivu, kama wa mtu asiyelala. Nyumba ya wageni ikamrudishia mzigo mzima afue upya. Akafua upya. Ukarudi tena.

Siku moja alikuja akaketi kwenye kigoda karibu na mlango wetu, jambo ambalo halifanyi wakati wa kazi. Akanionyesha viganja. Vilikuwa vimepasuka kwenye mikunjo, vimekauka kama ngozi ya ngoma.

"Unajua nafikiri nini, jirani? Si sabuni. Ni mimi. Mikono imechoka. Napiga kwa nguvu zangu zote na povu halitoki. Labda ndio uzee wenyewe, unaanzia mikononi."

"Usiseme hivyo."

"Nasema ninachokiona. Nitamaliza mwezi huu, nikishindwa nitawaachia wenye nguvu."

Nilimpaka mafuta viganja vile mwenyewe. Na katika sala zangu nikaanza kumwombea kwa Mungu mikono yake, kila siku, kwa bidii, nikitaja kidole kwa kidole. Naandika hilo nikiona haya. Nilikuwa namwomba Mungu aondoe kitu nilichokuwa nakifungulia koki mimi mwenyewe kila asubuhi.

Bomba la mji lilikatika mchana mmoja, siku moja kabla ya bwana afya kurudi. Nilikuwa na mtandio wangu wa sala wa kufua, na sikutaka kungoja. Nikachota kwenye pipa la tatu, nikachukua sabuni. Nikasugua. Sabuni ikakatika vipande vipande vyeupe, vikaelea kama maziwa yaliyoharibika. Nikasugua tena. Hakuna povu. Nikabaki nimeshika mtandio ndani ya beseni, na moyo wangu ukajua kabla ya kichwa.

Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi. Na nyuma ya chumvi, utelezi ule wa magadi.

Jamani, ingekuwaje isiwe chumvi? Kila siku tunamimina chumvi kwa kopo kwenye pipa la rangi. Kila siku tunamimina magadi. Tulifikiri vinakwenda wapi?

Nikamwita Koki. Alionja, akaketi juu ya pipa lililofunikwa, akafunika uso.

"Mkaa unanyonya rangi, mama," akasema baadaye. "Chumvi hauigusi. Inapita kama mtu anayepita mlango wazi. Hili tulifundishwa, mama. Nililijua. Lakini yalipotoka meupe…"

"Nami nilikuwepo yalipotoka meupe," nikamwambia. "Sote tulikuwepo."

Wifi alisimama kati yetu, na kwa mara ya kwanza sikumwona akitafuta mzaha.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi."

"Basi tusikilizane. Kesho bwana afya anakuja. Atatazama maji, ni meupe. Atamuuliza Mama Povu, na Mama Povu anatushukuru asubuhi na jioni. Mlango utabaki wazi. Kesho kutwa tutakata bomba, tutamwambia limeharibika, tutatafuta njia polepole. Nani atakuwa ameumia?"

"Mikono yake."

"Mikono yake itapona! Wifi, hii karakana ni jasho la kaka yangu. Ikifungwa kufuli, mimi na umri huu naenda kufunga mafundo ya nani? Wewe je? Mimi sisemi tumdhulumu. Nasema tungoje siku moja."

Sikumwona mbaya. Hata leo simwoni mbaya. Alichosema nilikuwa nimekisema mwenyewe kichwani, neno kwa neno, kabla yeye hajakitamka. Nilikwenda kuketi peke yangu kwenye mkeka wangu, mtandio ukiwa bado umelowa, nikajaribu kusali. Kila nilipofika mahali pa kumwombea Mama Povu nilikwama. Utamwombaje mtu afya kwa Mungu huku umeshika ugonjwa wake mfukoni?

*

Bwana afya alikuja na chupa ya kioo. Akakinga maji kwenye pipa la tatu, akayainua kwenye jua, akayazungusha, akayanusa, akatabasamu.

"Hongereni. Nimetembelea karakana nyingi, sijaona maji kama haya. Nani fundi?"

Koki akatazama sakafu. Wifi akanitazama mimi.

Mama Povu alikuwa amepanda kuja, amejifunga kitambaa safi kichwani kwa heshima ya siku hiyo.

"Wewe mama wa chini," bwana afya akamwambia, "nilisema nitakuuliza wewe. Umeridhika?"

"Sana, bwana. Hawa ni majirani wa kweli. Wamenivutia maji mpaka nyumbani, bure. Kama kazi yangu imelegea ni mimi na uzee wangu, si wao."

Bwana afya akageuka kama mtu aliyekwisha maliza. Nikasikia sauti yangu.

"Mama Povu, ngoja. Bwana afya, naomba ungoje. Koki, lete beseni na sabuni."

"Wifi," wifi akasema chini chini. "Wifi yangu, tafadhali."

Nikaweka beseni mbele yao, nikachota maji ya pipa la tatu. Nikampa Mama Povu sabuni. "Piga," nikamwambia. Akapiga. Sabuni ikakatika vipande. Kisha nikachukua mtungi wa maji ya bomba la mji niliyoyakinga asubuhi hiyo bomba liliporudi, nikamimina kwenye beseni la pili. "Na hapa. Sabuni ile ile."

Akapiga mara mbili tu. Povu likapanda. Likapanda mpaka viwikoni, likang'aa, likaanza kumwagika sakafuni, na yeye akaendelea kupiga kama aliyesahau tupo.

"Maji yetu yana chumvi na magadi," nikasema. "Tumeondoa rangi, tumekuachia mengine yote. Tulitazama kwa macho tu. Mimi ndiye niliyesema uletewe. Na nimejua tangu jana."

Nilingoja anitukane. Mama Povu akatoa mikono kwenye povu, akaigeuza, akaitazama upande huu na upande huu.

"Kwa hiyo si mikono yangu?"

"Si mikono yako."

"Mikono yangu ni mizima?"

"Ni mizima, jirani."

Akavuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka. Aliketi kwenye kigoda, akacheka kidogo, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko chenye povu. Ndipo hasira ikamfika. Ilichelewa, lakini ilifika imejaa.

"Na mwenye duka nimemwita tapeli mbele ya watu! Na mashuka nimefua mara tatu tatu! Nimelala nikihesabu nani atanizika!"

"Jirani…"

"Usiniite jirani sasa hivi, niache kwanza nikasirike!"

Bwana afya alikuwa ameshika chupa yake, anaitazama upya kana kwamba imemdanganya. "Mimi nami nimetazama rangi tu," akasema taratibu. Kisha akamgeukia. "Mama, nakuuliza tena. Umeridhika?"

Wifi alifumba macho. Mama Povu alinitazama mimi, si yeye.

"Sijaridhika," akasema.

Lilikuwa jibu la haki, na nililipokea.

Bwana afya akafunga koki ya shaba kwa mkono wake, akasema tone lisitoke tena kwenye ukuta huu, la rangi wala lisilo na rangi. Kama tunaweza kutia vitambaa bila kutoa tone, tutie. Kama hatuwezi, atakaporudi kufuli analo.

"Bila kutoa tone!" wifi akalipuka. "Maji tutayaweka wapi, bwana? Kifuani?"

"Mnaniuliza wapi?" Mama Povu akadakia akiwa tayari mlangoni. "Yarudisheni mlikoyatoa! Chumvi si yenu? Magadi si yenu? Yatieni tena kwenye mapipa yenu mkae nayo wenyewe, msituletee sisi!"

Akashuka. Alikuwa amesema kwa kututia adabu. Lakini Koki aliinua kichwa.

"Mama," akasema, "amesema nini?"

"Amesema tukae na chumvi yetu."

"Ndiyo," Koki akasema. "Ndiyo. Sisi kila asubuhi tunamimina chumvi na magadi kwenye maji matamu. Na haya tayari yana chumvi na magadi."

*

Jaribio la kwanza liliharibika. Tulisahau kupunguza, tukatia magadi kama kawaida juu ya magadi yaliyokuwemo, rangi ikashika mahali na kuacha mahali, kitambaa kikatoka kama kimeugua surua. Wifi, ambaye hakuwa amenisemesha tangu siku ile, alikiinua kwa vidole viwili na kusema, "Huyu apelekwe hospitali." Nilifurahi kuliko kama angeniomba radhi.

La pili hatukuongeza kitu. Tulilowesha kitambaa kwenye maji ya pipa la tatu kama yalivyo, tukatia bluu nzito. Kilitoka bluu ya kuzama ndani. Nyeusi nayo ikakubali, na zambarau, na kijani cha majani mazito. Maji yakawa yanazunguka: yanatoka kwenye rangi, yanashuka mapipa, yanarudi kulowesha. Yanayozidi tunayamwaga kwenye sinia pana za bati juu ya paa, jua linayala, inabaki chumvi ya kukwangua. Sasa tunanunua chumvi kidogo sana, na vitambaa tunatia vichache kuliko zamani, kadiri mapipa yanavyoweza kubeba. Hatufungi mwezi kwa kicheko, lakini tunaufunga.

Kitu kimoja kilikataa. Manjano. Marehemu mume wangu alikuwa na manjano yake, nyepesi kama ganda la limau bichi linaloanza kuiva, na watu walitoka mbali kuitafuta. Manjano ile haitaki maji yaliyokwisha tembea. Tulijaribu, ikatoka rangi ya jani kavu. Tukajaribu tena, ikatoka hivyo hivyo. Ingehitaji maji mapya, na maji mapya yangehitaji mtaro.

Wifi aliyetaka tunyamaze siku ile hakulilia kufuli. Aliililia manjano. Aliketi chini kwenye sakafu ile yenye rangi zote, akasema, "Tumemzika mara ya pili." Niliketi karibu naye. Mimi nilikuwa nimekwisha iacha siku nilipoitisha beseni, ila sikujua bado kwamba ndiyo bei. Kitambaa cha mwisho cha manjano ameshonea mto. Hakuna anayeruhusiwa kuuegemea, hata yeye mwenyewe.

Kisima cha Mama Povu hakikupona kwa haraka. Tulimchotea maji ya mji, mimi na Koki kwa zamu, kila asubuhi, tukayaacha mlangoni pake. Mwanzoni alikuwa akichukua ndoo bila kutusalimu. Halafu akawa anasalimu. Halafu asubuhi moja nikamkuta amekaa kando ya kisima, mfuniko umefunguliwa, na povu viwikoni, na watoto wawili wamejipaka ndevu. Alikwenda pia kwa yule mwenye duka kumtaka radhi, na akarudi na kipande cha sabuni cha bure, ambacho amenionyesha mara nyingi.

Bwana afya alirudi. Akatembea kando ya ukuta, akainama, akaupapasa mtaro kwa vidole. Ulikuwa mkavu, majani yameanza kuota. Akamuuliza Mama Povu lile swali lake. Nilikuwa dirishani, nilisikia.

"Kuridhika ni neno kubwa, bwana," Mama Povu alijibu. "Waambie waendelee."

Akafunga daftari lake, akaondoka.

Mimi nikarudi kwenye mafundo yangu. Kitambo kidogo nikasikia hatua nje, nyayo za ndara zinapanda taratibu, zinapumzika katikati, zinapanda tena. Mama Povu akasimama mlangoni, mikono imelowa, anahema.

"Leo mnatia rangi gani?" akauliza. "Mtaro wenu hausemi kitu siku hizi. Mtu mpaka apande kilima."

Wifi akasogeza kigoda kwa mguu.

"Ingia uone mwenyewe," nikamwambia.